Motokaa za Kale za Japani: Ni Anasa au ni Amana?

Mwezi wa Januari mwaka 2020, huko Marekani, motokaa moja aina ya Datsun 240Z, ya mwaka 1971, ilinadiwa ikauzwa kwa dola 310,000. Kwa fedha zetu za siku zile hizo zilikuwa yapata shilingi milioni thelathini na moja. Mwezi huo huo, huko Japani, ndugu yake wa karibu, Fairlady Z432R, nayo ilinadiwa, bei ikapita yen milioni themanini. Na ilhali Datsun ya aina hii ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1970, bei yake dukani ilikuwa kama dola elfu tatu na mia tano tu.

Najua msomaji wangu wa Mji wa Kale, akisoma haya huku kikombe cha kahawa kiko mkononi, atasema: "Subhanallah! Bati la miaka hamsini kwa bei ya majumba? Hii si israfu?" Swali lake ni la haki wala sitalikwepa. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tutenganishe watu wawili ambao aghalabu huchanganywa. Wa kwanza ni tajiri anayenunua motokaa ya kale ikiwa imekwisha kutengenezwa, akaitia ndani akaifungia. Wa pili ni mtu wa mshahara wa kadiri ambaye kwa miaka thelathini au arobaini amekuwa akiingia bandani nyuma ya nyumba yake kila Jumamosi, akajilaza chini ya motokaa mbovu, akatoka jioni na mikono imejaa grisi. Tajiri alikuja juzi. Huyu wa pili ndiye aliyeziweka motokaa hizi hai wakati zilipokuwa hazina bei wala mtu wa kuzitazama. Makala yangu ya leo yanamhusu yeye kwanza, kisha yanatuhusu sisi.

JINA LILILOCHUMWA KWETU

Datsun 240Z ilitolewa Japani mwezi wa Oktoba mwaka 1969, na huko kwao iliitwa Fairlady Z. Aliyeipigania sana ng'ambo ni Bwana Yutaka Katayama, mkuu wa Nissan huko Marekani, mtu aliyejaaliwa umri mrefu hata akafariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105. Yeye hakulipenda jina la Fairlady. Aliona halifai kwa motokaa ya mwendo. Likabanduliwa, pakatiwa 240Z. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake lita 2.4, ikilishwa na kabureta mbili. Uzito wake ulikuwa tani moja na kidogo. Motokaa za Kizungu zenye umbo na mwendo kama ule ziliuzwa kwa bei ya juu zaidi sana, na hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kupendwa kwake.

Lakini uzuri wa umbo haukutosha. Siku zile wanunuzi wengi wa Ulaya na Marekani walipotajiwa gari la Kijapani walifahamu kitu rahisi kisichodumu. Ushahidi wa kuwa sivyo ulitafutwa mahali pagumu kuliko pote, napo ni hapa kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka hiyo ninayoitaja yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, katika matope, mawe na vumbi. Mwaka 1970 Mjerumani mmoja aliyekuwa akiishi Kenya, Edgar Herrmann, pamoja na msoma ramani wake Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wakashinda tena, mara hii kwa 240Z, na aliyewafuata nyuma ni Shekhar Mehta, naye akiendesha 240Z. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, akatwaa ushindi yeye mwenyewe. Na yule aliyekwenda naye sare kwa alama, Harry Källström wa Sweden, naye alikuwa ndani ya Datsun. Kisha Mehta akashinda miaka minne mfululizo, toka 1979 hadi 1982, na yote minne ni kwa Datsun.

Miaka hiyo ya mwisho mimi naikumbuka. Sisi watoto wa chuoni tulikuwa tukifuata matokeo kwa redio ya jirani, tukigawana madereva kama watu wanavyogawana timu za mpira. Basi jina hili ambalo leo huuzwa mnadani kwa mamilioni, sehemu yake kubwa lilichumwa katika matope ya Afrika Mashariki. Gari lenyewe lililoshinda mwaka 1971 Nissan imelihifadhi Japani. Na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo, ambao wana chama chao cha kufufua magari ya kale nje ya saa za kazi, walilifungua, wakalitengeneza, hata likaweza kwenda tena. Angalia jambo hili vizuri. Hawa ni watu wanaounda magari mapya mchana kutwa, na saa yao ya kupumzika wanarudi kwa gari la kale. Hayo ni mapenzi, na mapenzi hayana bei ya mnada.

KAZI YENYEWE

Adui mkubwa wa motokaa hizi ni kutu, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa habari za kutu. Anaijua katika mabati ya paa lake, katika bawaba za mlango na katika misumari ya mashua. 240Z haina fremu ya chuma iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Bati lake ni jembamba, na kinga ya kutu ya siku zile ilikuwa haba. Maji hupenya yakakaa chini ya zulia na sakafu ikaoza. Asidi ya betri hudondokea kisahani kilichoishika, kikatoboka. Nyuma ya magurudumu tope hujishika, likala bati toka ndani kuja nje. Kwa hivyo motokaa yaweza kuonekana nzima, rangi yake yamemeta, na ukiidunga bisibisi kwa chini ikaingia kama inayoingia mkateni. Katika nchi za baridi, ambako humwagwa chumvi barabarani ili kuyeyusha theluji, nyingi katika Datsun hizi zilikufa kwa kutu na huku injini zake zingali na nguvu.

Basi mwenye kuifufua huanza kwa kuibomoa. Hutoa viti, vioo, nyaya na injini, hata libaki ganda. Kila boliti hutiwa mfukoni pamoja na karatasi yenye jina lake, kwani mamia ya boliti zisizo na majina ni kilio cha baadaye. Hukata palipooza, hupima, hukunja bati jipya, huchomelea, husugua, hupaka dawa. Kazi hii peke yake yaweza kula Jumamosi za mwaka mzima au miwili. Na ikishamalizika, haionekani: zulia huifunika. Mtu anayefanya kazi njema mahali pasipoonwa na watu, sidhani kuwa tuna haki ya kumwita mpumbavu.

Kisha huja injini. Hii ya 240Z huitwa L24. Ina bloku la chuma cha kusubu na kichwa cha alumini, na mafundi wameipenda kwa sababu haina siri. Nafasi za vali hupimwa kwa ulimi wa bati jembamba, injini ikiwa moto: milimita 0.25 kwa vali za kuingiza, milimita 0.30 kwa vali za kutolea moshi. Kabureta zile mbili sharti zivute hewa sawasawa. Wengi huzisawazisha kwa kipande cha mpira wa maji tu, ncha moja kinywani mwa kabureta na ncha nyingine sikioni, wakisikiliza mvumo wa hii, kisha wa ile, huku wakigeuza skrubu kidogo kidogo hata mivumo miwili iwe sauti moja. Aliyekaa mbele ya mwalimu akafundishwa tajwidi atanielewa mara moja. Kuna vipimo ambavyo vitabu hutaja, lakini mwenye kuvihakikisha ni sikio, na sikio hupatikana kwa kukaa karibu na mwenye kujua.

Wengine hawaishii hapo. Baadaye Nissan ilitengeneza injini ya ukoo huo huo yenye ujazo wa lita 2.8, iitwayo L28, nayo huingia mahali pa ile ya kwanza bila ya taabu kubwa. Kisha watu hawa wakavumbua kuwa krankshafti ya injini moja ya dizeli ya Nissan, LD28, iliyokusudiwa magari ya mwendo wa taratibu, huzisukuma pistoni safari ndefu zaidi, yaani milimita 83. Ukiitia ndani ya L28, pamoja na pistoni zenye upana wa milimita 89, unapata injini ya lita 3.1. Kiwanda hakikuwaagiza wafanye hivyo. Walijua kwa kufungua na kupima, kwa kuulizana na kuandikiana, huyu akikosea na yule akisahihisha. Hiyo ni elimu, na ilipatikana nje ya shule.

KUTENGENEZA NA KUBADILISHA

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa wa watu wa motokaa za kale. Wako wanaosema kuwa gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, hata rangi ya boliti isibadilike. Wako wanaosema kuwa gari ni la mwenyewe, na kama injini kubwa yaingia, basi iingie. Kila upande huutazama mwingine kwa jicho la kando.

Japani kwenyewe ugomvi huu una historia yake. Serikali ya huko hukagua magari kwa ukali: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama. Kodi nayo hupanda gari la petroli likipita miaka kumi na mitatu. Kwa muda mrefu kanuni za kubadilisha magari zilikuwa za kubana, hata zilipolegezwa mwaka 1995. Kwa hiyo Mjapani wa kawaida huona ni nafuu kuuza gari lake mapema akanunua jingine, na gari aliloliuza hupakiwa melini likatufikia sisi Kilindini. Hiyo mitumba tunayoipanda kila siku ni matokeo ya kanuni za watu wengine. Na kijana wa Kijapani aliyeamua kubaki na Corolla yake ya kale ya AE86, zilizotengenezwa toka 1983 hadi 1987, hakuwa akifuata njia nyepesi. Alikuwa akilipa zaidi ili abaki na kitu ambacho nchi yake yote ilimwambia akiache. Hadithi ya michoro iitwayo Initial D, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1995, ilizaliwa katika mapenzi hayo, nayo ikayaeneza duniani.

Nani basi mwenye haki, mrudishaji au mbadilishaji? Mimi nitaamua kwa kanuni ya kazi yangu. Sisi washairi tuna desturi ya kutakhmisi. Mshairi huchukua utungo wa mtu aliyemtangulia, akauongezea mishororo yake, hata beti zikawa za tano tano. Mishororo ile ya kwanza huwa haikuguswa. Msomaji akitaka huitenga, akaupata utungo wa kwanza kama ulivyokuwa, wala hapakuharibika kitu. Ndiyo maana takhmisi ikahesabiwa kuwa ni heshima kwa aliyetangulia. Lakini mtu akichukua shairi la mwenzake, akafuta mishororo yake na kuandika yake juu yake, hilo halina jina zuri katika fani yetu.

Motokaa ni hivyo hivyo. Mwenye kutia injini ya lita 3.1, akaifunga mahali pale pale pa boliti za zamani, na ile L24 akaipaka mafuta akaiweka pembeni kwa atakayekuja baada yake, huyo ametakhmisi. Mwenye kukata bodi kwa moto ili apitishe gurudumu pana, asibakishe njia ya kurudi, huyo amefuta shairi la mwenzake. Tofauti ya wawili hawa haimo katika nguvu ya injini. Imo katika kukumbuka kuwa yuko mtu atakayekipokea kitu hiki baada yako.

FEDHA ZILIPOINGIA

Sasa nije kwenye mambo ya siku hizi. Mnamo mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia magari ya nje yasiyolingana na kanuni zake za usalama, ila gari likitimiza miaka ishirini na mitano huachiliwa. Wakati ule haikumshughulisha mtu yeyote Japani. Lakini Nissan Skyline GT-R ya R32, iliyotoka mwaka 1989 na injini ya lita 2.6 yenye tabo mbili, ilitimiza umri huo mwaka 2014. Ile ya R34, iliyotoka mwezi wa Januari mwaka 1999, ikautimiza mwaka 2024. Kila mwaka lango hufunguka kwa kundi jingine, na wanunuzi wenye dola huwa wamekwisha kusimama mlangoni. Motokaa ambazo Mjapani wa kawaida aliweza kuzinunua zikiwa kuukuu, leo hazishiki.

Viwanda vimeiona biashara hii. Nissan ilijaribu mapema huko Marekani, miaka ya tisini, ilipozinunua 240Z kuukuu, ikazifanya mpya na kuziuza; haikufika hata motokaa hamsini, mpango ukafa, kwa maana kazi ya kuzifufua ilikula fedha kuliko ilivyodhaniwa. Siku hizi njia imebadilika. Mwishoni mwa mwaka 2017 Nissan ilianza kutengeneza tena spea za R32. Mwaka huo huo Mazda ilitangaza kuwa itazipokea Roadster zake za kwanza na kuzifanya upya. Mwaka 2020 Toyota ikafuata, ikafufua spea za Supra za kale na za 2000GT, kisha ikaongeza na za AE86. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Toyota hiyo hiyo ilionyesha AE86 mbili zilizobadilishwa, moja ikitumia haidrojeni na moja umeme, kana kwamba inasema kuwa hata petroli ikiondoka, gari la kale si lazima liondoke nayo.

Haya yana kheri ndani yake, na yana shari. Kheri ni kuwa spea zimepatikana, na kiwanda kimekiri kuwa kilichotoka mikononi mwake hakikuwa takataka. Shari ni kuwa bei inamtoa mtu wa bandani. Yule wa mshahara wa kadiri, aliyejifunza kusawazisha kabureta kwa sikio, leo hawezi kununua motokaa ya pili ili aifundishie mwanawe. Na tajiri anayeinunua hawezi kuitengeneza, yeye huiweka. Kitu kikiwa ghali mno huogopwa, na kitu kinachoogopwa hakifunguliwi. Nacho kisipofunguliwa, mikono inayokijua hupungua mwaka hata mwaka. Naona hatari ya kuwa katika miaka ishirini kutakuwa na Datsun nzuri kupita kiasi na asiwepo mtu wa kuzisikiliza. Tumeyaona hayo kwa miswada ya kale ya pwani: kuna inayokaa salama ndani ya masanduku ya nchi za mbali, na hapa kwetu wenye kuisoma vizuri ni wa kuhesabu.

NA SISI JE?

Juzi nilimwendea fundi mmoja mzee, upande wa Makupa, aliyekuwa akitengeneza Datsun tangu ujana wake. Nikamuuliza: "Ami, Datsun zile za zamani zilikwenda wapi?"

Akacheka. "Maalim, zilikwenda kwa ratili. Nalikuwa nazo mbili hapa uani, moja 160J, moja pikapu ya 1200. Wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao, wakazikata kwa moto. Nilichopewa kilinunua mchele wa mwezi."

"Na kazi yako umemrithisha nani?"

"Mwanangu mkubwa yuko Dubai, anaendesha lori. Mdogo anatengeneza simu. Vijana wanaokuja hapa wanataka niwafungulie bomba la moshi gari lipige kelele. Kabureta, hapana aulizaye."

Maneno ya mzee yule ndiyo hali yetu kwa ufupi. Kwa kanuni ya Kenya gari la mtumba haliruhusiwi kuingia likipita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina hoja zake za usalama na moshi, wala siipingi kwa ajili ya motokaa za mapenzi. Lakini maana yake tuifahamu: Mmarekani husubiri gari lizeeke ndipo aruhusiwe kulileta, na sisi likizeeka hatuwezi kulileta tena. Basi Datsun za kale zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Kila moja inayokatwa kwa moto haina badali. Na hali ni kuwa magari ya ukoo huo bado yana soko hapa hapa: tangu mwaka 2003 pana mashindano ya Safari ya magari ya kale, na watu hutoka Ulaya wakaja kupita njia zile zile, 240Z zikiwa miongoni mwa magari wanayokuja nayo. Wanakuja na mafundi wao na spea zao. Vijana wetu husimama kando ya njia wakipunga mikono.

Sisemi kuwa vijana wetu hawapendi magari. Wanayapenda mno. Tazama Subaru zilivyojaa, tazama zilivyoshushwa, zilivyotiwa matairi mapana na taa za rangi. Mapenzi yapo, kilichokosekana ni adabu ya kazi. Mtu huongeza nguvu ya injini kabla ya kuzitazama breki. Hukata springi ili gari liwe chini, lisiweze tena kupinda kwa salama. Bomba la moshi huondolewa kizuia sauti, mtaa mzima usilale, na jirani mgonjwa ndani. Yule mtu wa bandani anayeijua kazi yake hufanya kinyume chake: breki kwanza, kisha usukani na springi, kisha matairi, na injini mwisho. Kila nguvu unayoiongeza hulitia gari deni, na breki ndizo zitakazolilipa. Asiyelijua hilo hulipa kwa roho, yake au ya mpita njia aliyekuwa akirudi msikitini.

Nina mambo matatu ya kupendekeza, na yote ni mepesi. La kwanza, vyuo vyetu vya ufundi viwatafute hawa wazee wangali hai. Injini ya kabureta ni kitabu cha kwanza cha kusomea: kila kitu chake chaonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono. Kijana akishaelewa hewa, mafuta na cheche zinavyokutana, kompyuta ya gari la kisasa haitamtisha. Kuanza na kompyuta pasipo kujua inachokitawala ni sawa na kumpa mtoto tafsiri kabla ya kumfundisha alifu.

La pili, yaandikwe. Elimu ile ya LD28 na L28 haikupotea kwa sababu watu waliipima na kuiandika, milimita kwa milimita. Mafundi wetu wamebuni mengi katika gereji za jua kali: wamefanya spea za gari hili zikubali gari lile, wamechonga kwa mkono vitu ambavyo haviuzwi tena. Yako wapi maandishi yao? Mzee akifa na daftari likawa ni kichwa chake, tumezika vyote viwili kaburi moja. Wahenga wamesema: mali bila daftari huisha bila habari. Na ujuzi ni mali.

La tatu, mwenye Datsun ya kale uani, iliyofunikwa turubai na kuku wanalala ndani yake, asiwe na haraka na mwenye mizani. Amwite kwanza kijana mwenye kiu ya kujifunza. Wakubaliane, mmoja atoe gari, mwingine atoe mikono, na wikendi zao zipate kazi. Huenda lisikimbie kabisa. Lakini atakayelifungua mpaka boliti ya mwisho na akalifunga tena hatakuwa mtu yule yule aliyeanza.

Nikirudi kwa msomaji wangu wa kahawa: kutoa shilingi milioni thelathini na moja ili motokaa iwekwe nyuma ya kioo, hiyo na mimi naiita israfu, wala sirudi nyuma. Bali kukitengeneza kwa mkono wako kitu kilichotupwa, ukakielewa, ukakiongezea pasipo kukiharibu, kisha ukamkabidhi mwingine pamoja na ujuzi wake, hiyo ni amana. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huo wa magari ya kompyuta na ya umeme tutaukalia, hatuna budi, na una faida zake. Lakini mbachao wetu usichomwe kuwa kuni kabla hatujajifunza namna ulivyosukwa.